PETE ITOAYO MWANGA

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Masaki, Wilaya ya Kisarawe. Yamepigwa chapa ili yasomwe tena darasani baada ya kusikilizwa.

Nazungumza nanyi nyote mliokusanyika katika madarasa ya Masaki, akina mama na akina baba, wazee na vijana. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, yenye mihogo na mikorosho, si ile ya Dar es Salaam yenye majumba ya pwani. Walimu wa madarasa, tafadhali shikeni chaki. Leo tutakuwa na maneno mapya machache, na kila nikitaja neno jipya nitangoja kidogo mpate kuliandika ubaoni.

Somo la leo lahusu mwanga. Si mwanga wa jua, wala wa mwezi, wala wa koroboi. Ni mwanga usioonekana kwa macho, nao hutolewa na mashine kubwa yenye umbo la pete. Pete hiyo si ya kuvaa kidoleni. Nyingine mtu akitaka kuizunguka kwa miguu atatembea zaidi ya dakika kumi.

Najua mzee mmoja pale nyuma ataniuliza: "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuhesabu. Mashine za Ulaya zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, mzee wangu, nami nitalijibu. Zatuhusu kwa sababu ya malaria. Hapana mtu katika darasa hili ambaye hajauguza mtoto wa homa usiku. Na wengine wetu tumezika. Baadhi ya yale ambayo wataalamu wanayajua leo juu ya mdudu wa malaria yamejulikana kwa mwanga wa pete hizi, na kazi iliyofuata ilifanywa hapa hapa katika mkoa wetu wa Pwani, Bagamoyo. Basi tufuatane pole pole, hatua kwa hatua.

1. MWANGA UPITAO NDANI YA VITU

Wengi wenu mmepata kupigwa picha ya eksirei hospitali. Mtu amevunjika mkono, anauweka juu ya sahani, mashine inalia kidogo, halafu daktari anaonyesha picha ya mfupa. Mwanga huo uligunduliwa na mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, mwezi wa Novemba mwaka 1895. Aliona kwamba wapita katika nyama na kuzuiwa na mfupa. Neno la kwanza la leo ni hilo: EKSIREI. Liandikeni.

Eksirei ni mwanga wa ukoo mmoja na mwanga wa jua. Tofauti yake ni ukubwa wa mawimbi. Mwanga wote huenda kwa mawimbi, kama maji ya bahari. Mawimbi ya mwanga wa kawaida ni madogo sana, lakini ya eksirei ni madogo mara elfu nyingi kuliko hayo.

Kwa nini udogo huo una faida? Wavuvi wa pwani watanielewa. Wavu wenye matundu makubwa haukamati dagaa. Dagaa hupita tu, nawe waweza kudhani kwamba bahari haina kitu. Ndivyo ilivyo kwa mwanga wa kawaida. Hata ukiwa na darubini nzuri, mawimbi yake ni makubwa mno, nayo hayawezi kukuonyesha vitu vidogo kabisa. Vitu vyote, yaani jiwe, maji, damu, na udongo mweupe wa Pugu, vimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo atomu. Ukitaka kujua atomu zimepangwaje, wahitaji wavu wa matundu madogo. Eksirei ndiyo wavu huo.

2. PETE YENYEWE

Sasa tuitazame pete. Neno la pili ni ELEKTRONI. Elektroni ni kipande kidogo sana kilichomo ndani ya kila atomu. Umeme upitao katika waya ni mwendo wa elektroni.

Chukueni bomba la chuma, lipindeni likutane mwisho kwa mwisho, mpate duara. Nyonyeni hewa yote iliyomo, maana elektroni zikigongana na hewa zitatawanyika. Kisha ingizeni elektroni, maelfu ya mamilioni, zikikimbia karibu sawa na mwendo wa mwanga. Mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, katika sekunde moja ungeizunguka dunia yote mara saba na zaidi.

Lakini kitu kiendacho mbio hutaka kwenda moja kwa moja. Nani atazikunjisha elektroni ili zifuate duara? Kazi hiyo hufanywa na SUMAKU. Kando ya bomba huwekwa sumaku kubwa, na kila elektroni ipitapo mbele ya sumaku hupinda njia yake kidogo. Kwa sumaku nyingi duara hukamilika, na elektroni huweza kuzunguka humo saa nyingi. Ndiyo sababu mashine hii huitwa PETE YA KUHIFADHI ELEKTRONI. Zimehifadhiwa kama maji mtungini, ila maji haya hayatulii.

Sasa lipo jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo letu. Elektroni inapopindishwa katika mwendo huo hutupa mwanga. Fikirini kijana aendeshaye baiskeli kwenye tope wakati wa masika. Gurudumu likizunguka, matone ya tope huruka. Hayaruki ovyo; yaruka kuelekea mbele ya pale yalipoachia gurudumu. Ndivyo na elektroni: kila zipindapo, mwanga huruka mbele, moja kwa moja. Watu wametoboa matundu kando ya pete ili kuupokea mwanga huo, na kwenye kila tundu wamejenga chumba cha kazi. Katika mwanga huo imo eksirei tele.

Mwanga wa namna hii ulionekana kwa macho mara ya kwanza tarehe 24 Aprili, 1947, huko Schenectady, Marekani, katika mashine ya kampuni ya General Electric. Mwanzoni wengi waliuona kama hasara. Walitaka elektroni ziende mbio, na mwanga ulikuwa ukiwaibia nguvu. Baadaye watu wakagundua kwamba hasara ile ndiyo mali. Mwaka 1968, katika jimbo la Wisconsin, pete iitwayo Tantalus ilianza kutumiwa kwa ajili ya mwanga wenyewe. Mwaka 1981 pete nyingine ilianza kazi Daresbury, Uingereza, iliyojengwa mahsusi kutoa eksirei.

Je, nguvu iliyopotea hurudishwaje? Kwa mawimbi ya redio. Ndani ya pete kuna vyumba vya chuma ambamo mawimbi ya redio huzisukuma elektroni kila zipitapo, kama mama asukumavyo pembea ya mtoto. Katika pete moja huko Lund, Sweden, mawimbi hayo hupiga mara milioni 100 kwa sekunde. Hicho ni kiasi kile kile cha stesheni za redio za FM. Kwa hiyo sauti yangu iliyofika Masaki sasa hivi na nguvu izungushayo elektroni za Lund ni za ukoo mmoja.

3. MWANGA MWINGI NA MWANGA MKALI

Darasa, nawauliza swali. Koroboi na tochi, ipi yamulika mbali? Mtajibu kwamba ni tochi. Lakini si lazima tochi iwe na moto mwingi kuliko koroboi. Koroboi hutawanya mwanga wake pande zote, juu na chini, hata pale usipouhitaji. Tochi hukusanya mwanga na kuuelekeza mahali pamoja. Huu ndio UKALI wa mwanga: mwanga mwingi katika nafasi ndogo, usiotawanyika.

Mashine ya eksirei ya hospitali ni kama koroboi. Yatosha kwa mfupa. Pete ni kama tochi, tena tochi yenye nguvu mara mamilioni mengi. Kwa nini ukali huo wahitajiwa? Kwa sababu vitu tunavyotaka kuvichunguza ni vidogo mno. Punje moja huweza kuwa ndogo kuliko punje ya chumvi. Mwanga hafifu ukiipiga, ni kidogo tu utakaorudi, na picha haionekani.

Sasa ukali wa mwanga hutegemea nini? Hutegemea jinsi elektroni zilivyobanana. Kundi la elektroni likiwa jembamba, mwanga wake huwa mwembamba na mkali. Kundi likipanuka, mwanga nao hupanuka na kufifia. Basi kazi kubwa ya wajenzi wa pete kwa miaka yote imekuwa hiyo: kulifanya kundi la elektroni liwe jembamba. Siku hizi, katika pete bora, kundi hilo ni jembamba kuliko unywele wa kichwani.

4. KONA NYINGI NDOGO

Wamefanyaje? Jibu lake mmekwisha kulijua, kama mmepata kubeba mkaa kwa baiskeli.

Mtu anatoka Kisarawe na magunia ya mkaa, anashuka mlima wa Pugu kuelekea Dar es Salaam. Akifika kwenye kona kali na kukata ghafula, magunia huyumba na pengine humwangusha. Kona ile ile ikikunjwa kidogo kidogo, kwa vipande vingi vya upole, mzigo hutulia. Safari ni ile ile, na mwisho wa kona ni ule ule, lakini mzigo haukutikisika.

Elektroni nazo ni hivyo. Kila zikunjwapo kwa nguvu hutupa mwanga, na kutupa huko kwazitikisa, kundi likapanuka. Pete za zamani zilikuwa na kona kali chache. Kwa mfano, pete kubwa ya Grenoble, Ufaransa, iitwayo ESRF, ilifunguliwa kwa watumiaji mwaka 1994. Ina mzunguko wa mita 844, nayo imegawanywa katika vipande 32. Hapo zamani kila kipande kilikuwa na sumaku mbili za kupindisha. Wataalamu wakafikiri: badala ya kona mbili kali, kwa nini tusiweke kona saba za upole katika nafasi ile ile?

Wa kwanza kujenga pete kubwa ya namna hiyo walikuwa watu wa Sweden, huko Lund. Pete yao yaitwa MAX IV, ina mzunguko wa mita 528 na vipande 20, kila kimoja na kona saba. Ilizinduliwa tarehe 21 Juni, 2016. Tarehe hiyo waliichagua kwa makusudi, maana huko kaskazini ndiyo siku ambayo jua hukaa sana angani.

Watu wa Grenoble wakafuata. Waliizima pete yao, wakaitoa yote, wakaweka mpya ndani ya jengo lile lile. Mwaka 2020 ilifunguliwa tena. Kundi la elektroni lilikuwa limekazwa kiasi cha mara 30, na eksirei zake zimekuwa kali kiasi cha mara 100 kuliko zamani. Brazil nayo imejenga pete yake mjini Campinas, iitwayo Sirius, yenye mzunguko wa mita 518, na sehemu kubwa ya vifaa vyake ilitengenezwa na viwanda vya Brazil yenyewe. Marekani waliifunga pete yao ya Illinois, yenye mzunguko wa mita 1,104, mwaka 2023, wakaifungua upya mwaka 2024 ikiwa na kona nyingi ndogo.

Lipo na jambo jingine. Kundi likibanwa sana, elektroni huanza kusukumana zenyewe kwa zenyewe, kama abiria ndani ya daladala iliyojaa. Kusukumana huko kwalipanua kundi tena. Hesabu ya jambo hilo ilifanywa vizuri na wataalamu wachache, na mmoja wao ana jina litakalowafurahisha: Sekazi Mtingwa. Yeye ni Mmarekani mweusi. Mwaka 1983 yeye na mwenzake, James Bjorken, walitoa hesabu hiyo, na mpaka leo wajenzi wa pete huitumia. Mwaka 2017 wao wawili, pamoja na Mjerumani Anton Piwinski, walipewa tuzo na chama cha wanafizikia cha Marekani kwa kazi hiyo.

Walimu, simameni hapa kidogo. Waulizeni wanafunzi: kwa nini kona nyingi ndogo ni bora kuliko kona chache kali? Mtu mmoja ajibu kwa maneno yake mwenyewe.

5. UFUNGUO WA MDUDU WA MALARIA

Haya, sasa turudi nyumbani.

Mbu akimwuma mtu, vijidudu vya malaria huingia kwanza katika ini. Huko huzaana, kisha hutoka na kuingia katika damu. Katika damu kila kijidudu hutafuta chembe nyekundu, huingia ndani yake, huzaana, huipasua, na watoto wake huenda kutafuta chembe nyingine. Hapo ndipo homa hupanda, na hapo ndipo mtoto huishiwa damu.

Kijidudu huingiaje katika chembe? Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza walieleza jambo kubwa. Juu ya chembe nyekundu kuna kitu kiitwacho basigini, ambacho ni kama kufuli. Kijidudu nacho kina protini yake iitwayo RH5, ambayo ni kama ufunguo. Bila ufunguo kushika kufuli, mdudu wa malaria hatari zaidi, yule ambaye ndiye mwingi hapa kwetu, hawezi kuingia. Tena ufunguo huo haubadiliki sana kutoka kijidudu hata kijidudu. Wezi wote watumia ufunguo mmoja.

Sasa, fundi akitaka kuziba kufuli lazima aujue ufunguo: meno yake yako wapi, upande gani ni bapa. Lakini RH5 ni ndogo mno, hapana darubini ya kawaida iwezayo kuionyesha. Basi wataalamu wa Oxford waliifanya igande iwe FUWELE. Fuwele ni punje ambayo ndani yake vipande vyote vimepangwa sawasawa, kama punje ya sukari au chumvi. Punje hupigwa kwa eksirei kali. Mwanga hutawanyika na kuacha madoa mengi, na kwa kuyahesabu madoa hayo mtu hupata umbo la kitu chenyewe. Si picha ya kutazama mara moja. Ni hesabu ndefu.

Mwaka 2014 umbo la RH5 lilitangazwa. Ni bapa, mfano wa kishada wachezacho watoto siku ya upepo. Waliona pia jinsi inavyoshika basigini, na jinsi kingamwili, yaani askari wa mwili, wanavyoweza kujibandika juu yake na kumzuia kijidudu mlangoni. Mwaka 2017, kwa kulitumia umbo hilo, waliunda RH5 nyingine iliyo imara zaidi, isiyoharibika upesi kwa joto. Hilo si jambo dogo kwa vijiji ambavyo friji ni chache.

Lakini umbo kwenye karatasi halimponyi mtu. Chanjo ya RH5 ilikuwa ikitengenezwa, nayo ilihitaji kujaribiwa kwa watu wanaoishi na malaria. Mwaka 2018, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko Bagamoyo, chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watu wazima, kwa watoto, na kwa watoto wachanga. Kilichoonekana kiliwafurahisha wataalamu: watoto wachanga walipata kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Na watoto wadogo ndio hasa wanaouawa na malaria.

Baada ya hapo chanjo ya aina hiyo, iliyorekebishwa, ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Waliopata sindano ya tatu baada ya kungoja miezi kadhaa walikingwa kwa asilimia 55 katika muda wa miezi sita. Tuhesabu pamoja. Asilimia 55 maana yake ni 55 katika 100. Kama watoto 100 wangeugua bila chanjo, kiasi cha 55 wangeepuka na 45 wangeugua. Waliopata sindano zote tatu mwezi baada ya mwezi walikingwa kwa asilimia 40 tu. Kwa hiyo hata mpango wa siku za sindano una maana, na mama aandikiwaye tarehe kwenye kadi ya kliniki aishike.

Msichanganye chanjo hii na zile zilizotangulia. Ile iitwayo R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na mahali pengine Afrika, ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Oktoba 2023. Hiyo humzuia kijidudu mapema, kabla hajatulia katika ini. RH5 humngoja katika damu. Ni kama shamba lenye uzio na pia mlinzi: nguruwe akivuka uzio, atamkuta mlinzi ndani. Wataalamu wanatumaini kuzitumia zote pamoja. Lakini chanjo ya RH5 haijamaliza safari yake. Kwa hiyo asitoke mtu darasani leo akasema kwamba chandarua hakina kazi tena. Chandarua kibaki kitandani, na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile.

6. AFRIKA NA PETE YAKE

Sasa nafika mahali pagumu. Duniani zimo pete kadhaa za namna hii: Ulaya, Marekani, Japani, China, Brazil, na nchi nyingine. Katika bara letu la Afrika haijajengwa hata moja. Mtaalamu wa Afrika mwenye punje yake ya kuchunguza hana budi kuipeleka ng'ambo, na kungoja zamu, na kutafuta nauli. Ugonjwa uko kwetu, mwanga uko kwao.

Wako wasemao: "Pete ni ghali, nasi bado twahitaji visima na madawati." Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuibeza. Fedha zitumiwazo hapa hazitumiwi pale. Pete hula umeme mwingi, nayo yahitaji mafundi wengi wa kuitunza kila siku. Pete isiyo na mafundi ni kama pampu ya kijiji isiyo na spana: itasimama, na nyasi zitaota.

Lakini uko upande wa pili. Huko Jordan kuna pete iitwayo SESAME, yenye mzunguko wa mita 133. Haikujengwa na nchi moja tajiri. Walioungana ni Jordan, Misri, Iran, Israeli, Pakistani, Palestina, Uturuki na Saiprasi. Mnajua kwamba baadhi ya nchi hizo hazipatani. Hata hivyo wataalamu wao hukaa chumba kimoja na kuutumia mwanga mmoja. Walianza na vyombo vilivyokwisha kutumika, kutoka pete ya zamani ya Berlin. Yaani walianza kwa mtumba, nao hawakuona haya. Vyombo hivyo huzipa elektroni mwendo wa kwanza, na pete kubwa wakaitengeneza mpya. Ilizinduliwa mwezi wa Mei 2017. Mwaka 2019 walijenga shamba la umeme wa jua la kuiendesha. Jua tunalo hata sisi.

Afrika nayo imeanza kuzungumza. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilishirikiana na pete ya Grenoble ili wataalamu wake wapate zamu. Mwezi wa Novemba 2015 Waafrika na rafiki zao walikutana Grenoble, wakazungumza juu ya pete ya Afrika. Mwaka 2019 walikutana tena, safari hii Accra, Ghana. Yule Sekazi Mtingwa niliyemtaja ni mmoja wa waliosukuma jambo hilo. Bado ni mazungumzo na mipango. Jembe halijapiga ardhi.

Je, tujenge au tungoje? Sitawaamulia. Ninyi ni raia, mna kodi na kura zenu. Lakini nasema hivi. Pete huanza na watu kabla ya chuma. Mwaka ambao Afrika itasema "tuko tayari," watatafutwa vijana wanaojua sumaku, umeme, hesabu na kemia. Vijana hao huenda leo wako darasa la tatu katika shule zetu za Kisarawe. Mzazi anayejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini amtazamaye mtoto wake akifanya hesabu, na kumwuliza "Umepataje jibu hilo?", amekwisha kuanza kazi hiyo. Na mzazi anayemtoa binti yake shuleni kabla ya wakati amepunguza fundi mmoja.

Ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Wiki hii someni tena mazungumzo haya, fungu moja kila siku, kwa sauti. Asiyeweza fungu zima asome mistari mitatu. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii.

MANENO MAPYA

Eksirei: mwanga usioonekana, upitao ndani ya vitu.
Atomu: kipande kidogo ambacho vitu vyote vimejengwa kwacho.
Elektroni: kipande kilichomo ndani ya atomu, mwendo wake ni umeme.
Pete ya kuhifadhi elektroni: bomba la duara ambamo elektroni huzunguka saa nyingi.
Ukali wa mwanga: mwanga mwingi uliokusanywa mahali padogo.
Fuwele: punje ambayo vipande vyake vimepangwa sawasawa.
Kingamwili: askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa.

MASWALI

1. Kwa nini mwanga wa kawaida hauwezi kutuonyesha atomu? Tumia mfano wa wavu.
2. Elektroni hutupa mwanga wakati gani?
3. Vipande 20 vya pete ya Lund vina kona saba kila kimoja. Jumla ni kona ngapi?
4. Chanjo ikikinga kwa asilimia 40, kati ya watoto 50 ambao wangeugua, wangapi wataepuka?
5. RH5 ni ufunguo. Kufuli yake ni nini, nayo iko wapi?
6. Kwa mazungumzo ya darasa zima: Je, nchi za Afrika ziungane kujenga pete sasa, au zingoje? Kila kikundi kitoe sababu mbili, na mmoja aziandike.